Cheche Inayotangulia Pistoni

Katika injini ya petroli, plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa ya silinda. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mkupuo. Moto husambaa, na msukumo mkubwa unatakiwa uikute pistoni ndiyo kwanza imeanza kushuka. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga. Ikichelewa, nguvu hupotea na joto huishia kwenye ekzosi.

Ugumu uko kwenye kasi. Kwa mizunguko 800 kwa dakika, krankishafti hugeuka nyuzi 5 hivi katika elfu moja ya sekunde. Kwa mizunguko 4000, nyuzi 24. Moto hauongezi mbio kiasi hicho, kwa hiyo cheche hulazimika kutangulia zaidi. Katika Ford Model T ya mwaka 1908, dereva mwenyewe aliirekebisha kwa wenzo uliokuwa kushoto, chini ya usukani. Aliyesahau kuichelewesha kabla ya kupiga hendeli alijitafutia balaa: injini iliweza kurudi kinyume na kumvunja mkono.

Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa distributa. Shafti yake huzunguka kwa nusu ya kasi ya krankishafti, na kamu yake hufungua pointi. Hapo umeme wa koili hukatika, maelfu ya volti huzuka, na rota huzipeleka kwenye plagi yenye zamu. Ndani mna vyuma viwili vilivyoshikwa na springi. Kasi ikipanda, hutanuka na kuisogeza kamu mbele, pointi zikafunguka mapema.

Ubavuni kuna kikopo chenye kiwambo, kilichounganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba. Ukipasuka, wengi huuziba tu, kumbe ndio unaookoa petroli. Gari likienda bila kukazwa mafuta, silinda hupata mchanganyiko kidogo unaowaka polepole. Mnyonyo wa injini huvuta kiwambo, nacho huligeuza bati la pointi ili cheche iwahi zaidi. Dereva akikanyaga hadi mwisho, mnyonyo hupungua na bati hurudi.

Taimingi ya msingi huwekwa kwa kuizungusha distributa yenyewe huku alama ya puli ikimulikwa. Katika injini nyingi mpira ule huchomolewa kwanza na kuzibwa. Lakini pointi hutangulia, aghalabu kwa nafasi ya milimita 0.4 hivi. Kisigino chake hulika kwa kusuguana na kamu, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Fundi anayeweka taimingi kisha akagusa pointi itambidi aianze kazi upya.