Je, Wajua? Mhubiri Aliyegeuka Mchoraji

Kabla ya kushika brashi, Vincent van Gogh alikuwa mhubiri wa wachimbaji wa makaa ya mawe huko Borinage, eneo la migodi kusini mwa Ubelgiji, ambako mwaka 1879 aliuguza wagonjwa, akagawa nguo zake na kulala kibandani juu ya majani makavu. Wakuu wa kanisa, waliodai kuwa hakuwa na kipaji cha kuhubiri, hawakumwongezea muda, ingawa yaelekea ni bidii yake iliyopita kiasi ndiyo iliyowakera. Mwaka 1880, akiwa na miaka 27, aliamua kuwa msanii, akaanza kuwachora wachimbaji haohao wakipita kwenye theluji kwenda kazini. Uchoraji wake ulidumu miaka 10 tu, hadi alipofariki mwaka 1890.