Glakoma: Usiache dawa ya matone kwa sababu huoni nafuu

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wagonjwa wa glakoma ni hili: "Daktari, nimetumia matone miezi mitatu sasa, mbona kuona kwangu ni kulekule? Hii dawa inafanya kazi kweli?" Hao wanaouliza wana bahati, kwa sababu tunapata nafasi ya kuzungumza. Wengine huacha dawa kimyakimya, tukaja kukutana nao baada ya mwaka mmoja au miwili wakiwa wameshikwa mkono na mjukuu, kwa kuwa njia hawaioni tena.

Ndugu msomaji, jibu la swali hilo ni fupi. Dawa ya glakoma haikuandikwa ili uone vizuri zaidi ya jana. Imeandikwa ili usipoteze uwezo wa kuona uliobaki nao leo. Ukiona kuona kwako ni kulekule kwa miaka, hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Nini kinatokea ndani ya jicho

Ndani ya jicho kuna maji maalumu, tofauti na machozi, yanayotengenezwa muda wote na kutoka kupitia vijia vidogo sana. Vijia hivyo vikishindwa kupitisha maji vizuri, shinikizo ndani ya jicho hupanda. Ndiyo maana watu wengi huuita ugonjwa huu presha ya macho. Kwa watu wengi shinikizo la kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Shinikizo likiwa kubwa kuliko jicho linavyoweza kustahimili, huumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Wapo pia ambao mshipa wao huumia hata kwa shinikizo linaloonekana la kawaida, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu yuko salama.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kwanza, presha ya macho si presha ya damu, na vidonge vya presha ya damu havichukui nafasi ya matone. Pili, glakoma si mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mara nyingi akaona tena. Sehemu ya mshipa iliyokufa kwa glakoma hairudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, wala si kwa miwani.

Aina ya glakoma inayowapata wengi haiumi. Huanza kula pembeni mwa eneo la kuona, huku katikati pakibaki safi. Mgonjwa anasoma ujumbe kwenye simu bila shida, lakini anajigonga kwenye fremu ya mlango au haoni bodaboda inayotokea upande. Walio hatarini zaidi ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 40, watu wenye asili ya Afrika, na wale ambao mzazi, kaka au dada yao ana ugonjwa huu.

Jinsi ya kuweka tone moja likatosha

Dawa iliyomwagikia shavuni haijatibu chochote. Wagonjwa wengi wanaodai dawa haiwasaidii, nikiwaomba waweke mbele yangu, tone huangukia kwenye kope au puani. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Soma jina kwenye kichupa kila mara. Vichupa vidogo hufanana, na kuna watu waliowahi kujitia gundi machoni wakidhani ni dawa. Kama maelezo yanasema tikisa, tikisa.

2. Kaa au lala chali. Inua uso utazame juu.

3. Kwa kidole kimoja vuta kope ya chini taratibu hadi ifanye mfuko mdogo. Lenga hapo, usilenge kwenye mboni.

4. Dondosha tone moja tu. Mdomo wa kichupa usiguse jicho, kope wala kidole, kwa sababu utabeba vijidudu na kuviingiza ndani ya dawa.

5. Funga jicho taratibu bila kulikaza wala kupepesa. Kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani ya jicho, pale linapokutana na pua, kwa dakika mbili.

6. Futa kilichomwagikia kwenye ngozi. Kama una dawa nyingine ya matone, subiri angalau dakika tano, la sivyo tone la pili litalisukuma nje la kwanza.

Kwa nini tone moja? Kwa sababu jicho halina nafasi ya zaidi ya hapo. Matone ya ziada hayaongezi nguvu ya dawa, yanaongeza gharama na madhara. Piga hesabu: anayetumia dawa mara mbili kwa siku katika macho yote mawili anahitaji matone 4 kwa siku, yaani 120 kwa siku 30. Anayeweka matone matatu kila mara anatumia 360. Kichupa chake kitaisha mapema, na siku zilizobaki za mwezi atakaa bila dawa.

Kama mkono unatetemeka, au viungo vya vidole vinauma, mwombe mtu wa nyumbani akuwekee. Hakuna aibu katika hilo. Na kama unavaa lenzi machoni, zitoe kwanza na usizirudishe kabla ya dakika 15.

Tone la jicho linafika hadi moyoni

Watu wengi huchukulia matone kama dawa ndogo isiyo na madhara. Ukweli ni kwamba kwenye ile kona ya ndani ya jicho kuna mfereji unaopeleka machozi puani. Dawa hupita humo, ikaingia kwenye damu na kusambaa mwilini. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa husikia uchungu kooni baada ya kuweka dawa, na ndiyo sababu nasisitiza kubonyeza kona hiyo: unaziba mfereji, dawa inabaki jichoni inakohitajika.

Dawa inayotumika sana katika hospitali zetu ni timolol, ambayo hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho. Ni dawa nzuri, lakini inaweza kubana kifua cha mwenye pumu na kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mwenye pumu anaweza kuzidiwa kwa tone la jicho, na watu wa nyumbani wasijue chanzo ni nini. Kwa hiyo, kabla ya kuandikiwa dawa yoyote ya glakoma, mwambie daktari kama una pumu au uliwahi kuwa nayo utotoni, kama una tatizo la moyo, kama una kisukari, kama una ujauzito au unanyonyesha, na dawa zote unazotumia. Usisubiri uulizwe. Ukiwa tayari unatumia timolol na ukaanza kubanwa kifua, kukosa pumzi, kizunguzungu au kuzirai, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na kichupa chako mkononi.

Dawa nyingine ni latanoprost na jamii yake, ambazo husaidia maji kutoka. Hizi huwekwa mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku. Zinaweza kuleta wekundu wa macho, kurefusha kope, na kufanya ngozi inayozunguka jicho iwe nyeusi zaidi. Mabadiliko haya hayaumizi, lakini ni haki yako kuyajua mapema ili usishtuke na kuacha dawa. Zipo dawa nyingine pia, kila moja na tahadhari zake. Kuwashwa kidogo kwa sekunde chache ni kawaida. Kuvimba kope, kutoka usaha au maumivu yasiyoisha si kawaida.

Kutunza dawa na kutosahau

Andika tarehe uliyofungua kichupa. Nyingi ya dawa hizi hutakiwa kutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama kimebaki kiasi. Latanoprost kwa kawaida hutunzwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Ikishafunguliwa inaweza kukaa nje hadi wiki sita mahali pasipozidi nyuzi joto 25. Kwa miji yenye joto kama Dar es Salaam na Tanga, nyumba nyingi huzidi hapo mchana, hivyo kama una friji iache humo, isigande. Usiiache ndani ya gari wala dirishani. Muulize mfamasia kuhusu dawa yako mahususi, na usichangie kichupa na mtu mwingine, hata mwenza wako mwenye ugonjwa huohuo.

Funganisha dawa na jambo unalolifanya kila siku: kupiga mswaki, swala ya alfajiri, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukisahau, weka unapokumbuka. Ikiwa muda wa dozi inayofuata umekaribia, ruka, usiweke mara mbili. Siku ya kliniki weka dawa kama kawaida, ili tupime inavyofanya kazi. Nunua kichupa kipya kabla cha zamani hakijaisha.

Kwa wanaofunga Ramadhani: wanazuoni wengi wa sasa wanaona tone la jicho halibatilishi saumu, na kubonyeza kona ya jicho hupunguza dawa inayofika kooni. Ukiwa na shaka, muulize shehe wako, kisha njoo tupange saa za dawa baada ya futari na wakati wa daku. Usiache dawa mwezi mzima.

Wazazi, sikilizeni hapa

Watoto wengi huwashwa macho kwa sababu ya mzio, na wazazi huenda duka la dawa kununua matone ya "macho mekundu". Baadhi ya matone hayo yana steroidi, mfano deksamethasoni na betamethasoni. Hutuliza mwasho haraka sana, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mzazi hurudi kununua tena na tena. Steroidi zikitumika kwa wiki au miezi bila usimamizi zinaweza kupandisha shinikizo la jicho na kumletea mtoto glakoma. Mtoto hatalalamika. Mwalimu ndiye huja kugundua haoni ubaoni. Dawa yenye steroidi iwe ya kuandikiwa na daktari, kwa muda uliopangwa, na shinikizo lipimwe.

Pia wapo watoto wanaozaliwa na glakoma. Watu humsifia mtoto kwa macho makubwa mazuri. Lakini macho makubwa kupita kawaida, yanayotoa machozi, yanayokimbia mwanga, au yenye ukungu kwenye kioo cha jicho, yanahitaji kuonwa na daktari wa macho haraka. Tiba kuu ya watoto hawa ni upasuaji. Matone husaidia tu. Usimwekee mtoto matone ya mtu mzima. Ipo dawa ya glakoma iitwayo brimonidine ambayo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili inaweza kumlegeza na kumzuia kupumua. Weka vichupa vyote mbali na watoto. Wala usitie jichoni maziwa ya mama, asali au maji ya majani.

Kama matone yanakushinda

Dawa ya kila siku kwa maisha yote ni mzigo, kwa mfuko na kwa kumbukumbu. Ukishindwa, sema. Matone si njia pekee. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia wagonjwa 201 wa glakoma. Baada ya mwaka mmoja, tiba ya miale ya leza ilifanikiwa kudhibiti shinikizo katika asilimia 61 ya macho, ilhali matone ya timolol yalifanikiwa katika asilimia 31. Leza haifai kwa kila mtu na nguvu yake inaweza kupungua baadaye, lakini muulize daktari wako. Upo pia upasuaji wa kufungua njia ya maji. Kitu ambacho hakina mbadala ni kurudi kliniki kupimwa.

Kimbilia hospitali bila kusubiri tarehe yako ukipata maumivu makali ya jicho yanayoambatana na wekundu, ukungu, kichefuchefu au kutapika, au ukiona duara za rangi kama upinde wa mvua kuzunguka taa. Hiyo ni glakoma ya ghafla, na inaweza kuharibu jicho ndani ya muda mfupi.

Wiki hii fanya mambo mawili. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani akutazame unavyoweka dawa huku akisoma hatua zile sita, akurekebishe unapokosea. Kisha wapigie simu ndugu zako wa damu waliofikisha miaka 40, uwaambie una glakoma, na kwamba nao waende wakapimwe macho wakiwa bado wanaona.