Sanduku la Kufuli Tatu

Barua iliyonigusa mwezi huu ni ya karani wa Tanga mwenye miaka 59. Mwakani anastaafu, na watoto wamekwisha kumpangia maisha: atakaa nyumbani alee wajukuu. Mwenyewe anataka kuhamia Lushoto kwa dada yake, ajifunze ushonaji, afungue kibanda. Anasema miaka ya mwisho ofisini ilimchosha roho kuliko mwili. Mwanawe wa kwanza amemjibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Dada huyu wa Tanga anauliza kama sayansi iko upande wa mwanawe.

Haiko. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta karo ya shule za msingi. Priscilla Sitienei, mkunga wa siku nyingi, alisoma pamoja na watoto ambao baadhi yao aliwazalisha yeye mwenyewe. Alifariki 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi. Lakini mifano ya wazee hodari hutiwa chumvi kwenye mahafali na kusahaulika jioni yake. Mimi nataka kujua kinachofanyika ndani ya fuvu.

Wenye jibu zuri ni madereva wa teksi wa London. Ili kupata leseni, mtu hukariri mitaa ipatayo 25,000 iliyoizunguka stesheni ya Charing Cross, kazi ya miaka mitatu au minne. Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 79, watu wazima wote, wakiwapiga picha za ubongo kabla na baada ya masomo. Waliofaulu walikuwa 39. Kwao, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, yaani eneo linalotunza kumbukumbu na ramani za mahali, ilikuwa imeongezeka. Kwa walioshindwa haikuongezeka, wala kwa watu ambao hawakusoma kabisa.

Sitachora hapa maeneo ya ubongo. Vitabu vya sekondari vinayo. Twende moja kwa moja mahali seli mbili za neva zinapokutana. Kitaalamu panaitwa sinapsi. Wengine huandika “kiungo”, neno lisilonituliza, kwa kuwa viungo hugusana na seli hizi hazigusani: kuna upenyo kati yake, na ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali. Nitapaita kivuko, na atakayekasirika aniandikie.

Ng'ambo ya kivuko kuna kipokezi kiitwacho NMDA. Nimesoma habari zake kwa miaka na bado sijakizoea.

Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa analijua sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu, wanaokaa nyumba tofauti. Mmoja akija peke yake, hata akiwa mwenyekiti, anarudi mikono mitupu. Wawili wakija, hivyo hivyo. NMDA ni sanduku hilo. Ufunguo wa kwanza ni glutamati, kemikali inayomwagwa na seli inayotuma ujumbe. Wa pili ni glisini, au ndugu yake serini, mwanachama mtulivu ambaye kwa kawaida huwa ameshafika mapema na kukaa. Wa tatu ndio ulionipa raha. Seli iliyotulia ina umeme hasi ndani, kiasi cha milivolti 70, na umeme huo huvuta ioni ya magnesi hadi ikanasa katikati ya njia. Glutamati ikibisha hodi, mlango unaachia, lakini magnesi bado imeziba. Haitoki mpaka seli inayopokea iwe yenyewe imeamshwa na ujumbe mwingine, umeme wake ubadilike, magnesi isukumwe nje. Jambo hili lilibainika mwaka 1984.

Tazama werevu wake. Sanduku halifunguki kwa sababu kelele ni kubwa. Linafunguka kwa sababu mambo mawili yametokea kwa pamoja: huyu ametuma na yule yuko macho. Funguo zote tatu zikikutana, kalsi inamiminika ndani. Kalsi inaamsha kimeng'enya kiitwacho CaMKII, nacho husaidia kupandisha vipokezi zaidi vya aina nyingine kwenye ngozi ya seli. Kesho ujumbe ule ule ukija, utaitikiwa kwa nguvu zaidi, kama mwanachama ambaye akiba yake imemruhusu kukopa kikubwa. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walieleza jinsi walivyosisimua njia moja ya neva katika hipokampasi ya sungura huko Oslo, ikabaki na nguvu hiyo kwa saa nyingi. Kujifunza, kwa sehemu yake kubwa, ndiko huko.

Sasa umri. Kipokezi cha NMDA kimeundwa kwa vipande. Kwa wachanga, kipande kinachotawala huitwa GluN2B, na mlango wake hukawia kufunga. Tukikua, kingine, GluN2A, huchukua nafasi kubwa, na mlango wake hufunga upesi. Sanduku ni lile lile, funguo ni zile zile, ila kikao kimekuwa kifupi: aliyechelewa kidogo anakuta kufuli zimerudi. Mwaka 1999, maabara ya Joe Tsien pale Princeton ilitangaza panya waliotiwa nyongeza ya GluN2B. Hata ukubwani walijifunza haraka na kukumbuka kwa muda mrefu kuliko wenzao. Panya si makarani, na ubongo una njia nyingine za kujifunza, lakini maana iko wazi: mtu mzima hajafungiwa mlango, amepunguziwa muda.

Kwa hiyo atakayebadili maisha ukubwani aongeze idadi ya vikao. Nusu saa ya cherehani kila siku itamfaa kuliko Jumamosi nzima ya kujichosha. Faida ya kuachanisha mazoezi imepimwa kwa vijana na kwa wazee. Alale vya kutosha, maana usingizi huimarisha kilichoingia mchana. Na jambo analojifunza liwe analolitaka kweli. Hamu na umakini humwaga dopamini na noradrenalini, zinazoweka seli macho, na bila seli iliyo macho ufunguo wa tatu haupo. Ndiyo maana mtu anaweza kuhudhuria semina za kazini miaka kumi asitoke na kitu, kisha akajua kukata suruali kwa miezi michache.

Ushauri wangu kwa dada wa Tanga ni huu: asingoje barua ya kustaafu, wala asianze kwa kununua mashine. Atafute fundi wa mtaani atakayemvumilia kila jioni, akosee mishono, afumue, arudie. Akifika Lushoto awe na mkono tayari, na mafao yake yanunue cherehani anayoijua.