Kipande kidogo kinachoshikanisha mbao za shimo

Mbao zinazozuia ukuta wa shimo haziko na nguvu kama kila moja inasimama peke yake. Toka Novemba mpaka Aprili, mvua inalowesha udongo, udongo unasukuma, ubao mmoja unapindama na mwenzake hausaidii. Ndiyo maana seremala anapigilia kipande chembamba kwa kukingamisha mbao zote: misumari miwili kwa kila ubao, ncha zikunjwe nyuma. Sasa zinabeba pamoja.

Wenye mashimo banasema vile vipande ni kuharibu mali. Sisi wa sendika tunasema: alipe mwenye shimo, si yule anayeshuka. Na sisi wenyewe, kila asubuhi, tugonge kipande kimoja-kimoja. Kimoja kikilegea, hatushuke. Bibi na watoto banatungojea.