Imbwa Wawili Katika Lupango Moja

Watu wengi wanafuga imbwa wawili ao watatu pamoja, kusudi walinde nyumba na mbuzi. Wanakaa vizuri miezi mingi, kisha siku moja wanapigana mpaka damu inatoka. Baba anakimbia kuwaachanisha na mikono yake, na ni yeye anayeletwa hospitali. Tunaandika karatasi hii juu ya mikono ile, na juu ya watoto wanaocheza katika lupango ileile.

Mujue kwanza kwamba imbwa hapigani bure. Mara nyingi sababu ni chakula. Mukimwaga mabaki ya bugali na mifupa pahali pamoja, na imbwa wote wana njaa, ni ninyi munaotengeneza vita. Mwenye nguvu anakula, mwingine anavumilia, mpaka siku anachoka kuvumilia. Kila imbwa apewe sahani yake, mumoja mbele ya nyumba, mwingine nyuma, pasipo kuonana. Wakimaliza, mutu mukubwa aondoe sahani. Kazi hii musimupe mutoto mudogo. Anainama kuokota mufupa ulioanguka, na uso wake unakuwa karibu na meno.

Sababu nyingine ni jike. Anapokuwa katika siku zake za kutafuta dume, madume ya nyumbani yanachukiana, na imbwa wa njiani wanaruka lupango kuingia. Mufungie ndani karibu majuma matatu. Jike aliyezaa naye hataki mwenzake akaribie watoto wake. Mumupe pembe yake peke yake. Watu wanasema majike hawapigani. Si kweli: majike wawili wa nyumba moja wakichukiana, mapigano yao mara nyingi ni mabaya kupita ya madume. Tena kuna imbwa mwenye maumivu, sikio linaoza ao jino linamusumbua. Yule anauma kila anayemugusa. Na imbwa kijana, akifika mwaka moja mpaka mitatu, anaanza kumujaribu yule wa zamani.

Kabla ya kupigana wanaonyesha alama. Mwili unakuwa mugumu kama ubao, macho yanakazana, mukia unasimama juu, mudomo unainuka na meno yanaonekana, kisha ananguruma. Waite wakati ule, kila mumoja upande wake. Lakini musimupige imbwa kwa sababu amenguruma! Kunguruma ni kusema kwake. Ukimupiga kila mara, atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma pasipo kuonya. Tena fimbo ikimuuma wakati anatazama mwenzake, anafikiri maumivu yametoka kwa mwenzake, na chuki inazidi.

Vita ikianza, watoto waingie nyumbani mbio. Ninyi musitie mukono katikati, wala musishike shingo. Imbwa anayepigana hatazami mukono ni wa nani. Mwaga ndoo ya maji juu ya vichwa vyao, gonga sufuria kwa nguvu, ao sukuma ubao, kiti, kitunga kikubwa katikati yao. Wakiachana tu, kila mumoja apite mulango wake, na wasionane mpaka wametulia, hata siku mbili tatu. Kisha watu wakubwa wawili wawatembeze njiani na kamba, kwanza mbali mbali, polepole karibu. Imbwa mupya naye muonane naye vile, inje ya lupango, si ndani. Kuhasi madume kunaweza kusaidia. Muulize munganga wa nyama. Lakini wengine hawapatani hata kidogo. Hapo afazali mumoja apewe nyumba ingine, kuliko kungoja mutoto aumwe.

Sasa tunafika kwa jambo kubwa. Imbwa aliyekaa na amani, akageuka gafula na kumuuma mwenzake pasipo chakula wala jike, huyo musimuhesabie ugomvi. Tazameni: sauti imebadilika? Mate yanatiririka, hawezi kumeza? Taya limelegea, anayumba, anauma miti na mawe, ao anajificha gizani? Hii inaweza kuwa wazimu wa imbwa, ule Wafaransa wanaouita rage. Musimukaribie. Fungeni mulango wa lupango, mwite munganga wa nyama ao mukubwa wa kijiji. Imbwa wale aliowauma nao wako katika hatari, na hata mate yake kwenye kidonda chako kidogo yanatosha.

Mutu akiumwa, ao akikwaruzwa, aoshe kidonda mara moja na sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Ni ndefu, mushike saa. Musitie majani, wala pilipili, wala mafuta, wala jiwe nyeusi. Kisha aende kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa huu unakawia: mara nyingi miezi miwili ao mitatu, wakati mwingine juma moja tu, ao mwaka. Lakini mutu akianza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Sindano inafaa mbele, si nyuma. Mwaka 1885 Louis Pasteur, katika Ufaransa, alimupa chanjo mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa, na mutoto yule aliishi.

Imbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa pasipo hatari, musimuue mbio. Munganga wa nyama amutazame siku 10. Akibaki muzima, wakati ule wa kuuma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Lakini mutu aliyeumwa asingoje zile siku 10. Aanze matibabu, na munganga ndiye atasema kama yanaweza kusimama.

Imbwa wenu wote wapewe chanjo kuanzia miezi mitatu, na irudiliwe kila mwaka ao kama munganga wa nyama anavyosema. Mutunze karatasi yake pamoja na karatasi za watoto. Na aliyeumwa hapewi sindano moja tu: anapewa tarehe za kurudi. Arudi tarehe zile zote, hata kama kidonda kimekwisha kukauka.