Bati la Ndege Likilegea: Namna ya Kulitengeneza

Katika Gatongora, wadi ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu, na mahali pengine pengi katika Kenya, hakuna mwenye nyumba asiyejua tabia ya bati juu ya paa. Msumari mmoja ukilegea, upepo huingia chini ya bati na kulitikisa mchana na usiku. Tundu la msumari hupanuka. Misumari iliyo jirani huanza kubeba mzigo usiokuwa wake, nayo pia hulegea. Mwenye nyumba akipuuza, siku ya tufani atakwenda kulitafuta bati lake katika shamba la jirani.

Jambo hilo hilo hutukia katika ndege iliyofunikwa kwa mabati ya alumini, ila hasara yake ni kubwa zaidi. Paa likiondoka, watu hulowa. Bati la ubawa likiondoka angani, rubani hana mahali pa kusimama akalitengeneza. Kwa hiyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana wapendao kazi ya chuma, jinsi bati la ndege linavyoshikwa, sababu za kulegea kwake, na namna iliyo sawa ya kulitengeneza.

Mtu aweza kuuliza, “Je, ni nani kati yetu ajengaye ndege?” Wapo. Mwaka 2010 zilienea habari za Bwana Gabriel Nderitu, mtu wa Nyeri, aliyejenga ndege nyumbani kwake kwa kutumia alumini na injini ya motokaa. Katika nchi nyingine, kama Marekani na Uingereza, maelfu ya ndege ndogo zimejengwa na watu binafsi katika banda la nyumbani, nazo huruka kwa ruhusa ya serikali.

NGOZI YA NDEGE NI NINI?

Ndege za kwanza zilikuwa na kiunzi cha mti kilichovikwa kitambaa. Mnamo mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Alfred Wilm, aligundua kwamba alumini ikichanganywa na shaba kidogo na madini mengine, ikatiwa moto, ikapozwa ghafula, kisha ikaachwa siku chache, huwa ngumu sana bila ya kuongezeka uzito. Mwaka 1919 Mjerumani mwingine, Hugo Junkers, alirusha ndege ya abiria iliyovikwa mabati ya madini hayo. Mabati yake yalikuwa na migongo na mifereji kama haya tunayoezekea nyumba, maana mikunjo hiyo hulitia bati nguvu. Baadaye mafundi waliona kwamba bati laini hupita hewani kwa wepesi zaidi, nao wakaacha mikunjo, wakaweka mbavu na mihimili mingi zaidi kwa ndani.

Yapasa tufahamu jambo moja kubwa. Bati la paa hufunika tu. Likiondolewa, mbao za paa husimama kama kawaida. Bati la ndege hufanya kazi mbili: hufunika, na pia hubeba mzigo pamoja na mbavu zilizo chini yake. Bati na kiunzi vikiachana, ubawa hupoteza sehemu ya nguvu zake, hata kama kwa macho waonekana mzima.

Kinachoviunganisha ni ribiti. Ribiti ni kijiti kifupi cha alumini chenye kichwa upande mmoja. Hupitishwa katika tundu la bati na la ubavu, kisha mkia wake hupigwa hadi ukawa kichwa cha pili. Ikipigwa vizuri, hunenepa na kulijaza tundu lote, hata mabati yasiweze kusogea. Ndege ndogo huwa na maelfu ya ribiti hizo.

KWA NINI RIBITI HULEGEA?

Sababu ya kwanza ni mtetemo. Injini inayozunguka mara 2,500 kwa dakika huzunguka zaidi ya mara 40 kwa kila sekunde, na mara 150,000 kwa saa moja. Ribiti iliyoanza kucheza, hata kwa unene wa unywele, husaga tundu lake kila mzunguko.

Sababu ya pili ni upepo. Nguvu za upepo haziongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Upepo wa kilometa 80 kwa saa waweza kung’oa paa lililolegea. Ndege ndogo ikienda kilometa 160 kwa saa, bati lake hukutana na nguvu mara nne ya hizo, tena kwa muda wote wa safari.

Sababu ya tatu ni kazi mbovu ya mwanzo. Huenda tundu lilitobolewa kubwa mno au halikuwa duara. Huenda ribiti ilikuwa fupi. Huenda mabati hayakubanwa pamoja kabla ya kupigwa ribiti, au vipande vidogo vya alumini viliachwa katikati yake. Sababu ya nne ni kutua kwa kishindo, ambako hupinda mbavu zilizo ndani.

DALILI ZAKE

Dalili inayojulikana sana ni alama nyeusi kama masizi inayoanzia kwenye kichwa cha ribiti na kuelekea nyuma. Hiyo ni alumini iliyosagwa ikawa unga, nao ukapeperushwa na upepo. Mafundi husema ribiti hiyo “inatoa moshi.” Dalili nyingine ni rangi iliyopasuka kuzunguka kichwa cha ribiti, bati linalocheza ukilibonyeza kwa kidole gumba karibu na ribiti, na kichwa ambacho karatasi nyembamba yaweza kupita chini yake.

Bati lililofanya mawimbi kati ya ribiti na ribiti ni onyo kubwa kuliko yote hayo. Maana yake ni kwamba huenda mzigo ulizidi kiasi, na kiunzi cha ndani hakina budi kuchunguzwa kabla ya kufanya kazi yo yote ya nje.

Lakini bati likiingia na kutoka kwa mlio, kama kifuniko cha kopo kinapobonyezwa, huku ribiti zake zote zikiwa imara, shida ni kwamba bati lile ni pana na halina msaada katikati. Dawa yake mara nyingi ni kutia kipande cha alumini kilichokunjwa pembe kwa upande wa ndani. Kuongeza ribiti pembeni hakutasaidia.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Tuseme kijana wa Gatongora amejenga ndege, naye ameona alama nyeusi kwenye ribiti tatu za ubawa. Jambo ambalo moyo humshawishi kulifanya ni kuchukua nyundo na kuzipiga tena. Asifanye hivyo. Ribiti iliyokwisha kulegea imekwisha kuwa ngumu. Ikipigwa tena hupasuka au hulipanua tundu, na kichwa chake hukaa vizuri kwa nje huku ndani imelegea vile vile. Amelificha kosa, hakuliondoa.

Kwanza, atoe petroli, akate waya wa betri, na kuzuia magurudumu. Atie alama kila ribiti mbovu kwa kalamu ya wino. Asitumie penseli, kwa kuwa risasi yake huifanya alumini iliwe; wala asikwaruze kwa msumari, kwa kuwa mkwaruzo huzaa ufa.

Pili, afungue mlango wa ukaguzi, aangalie ndani kwa tochi na kutafuta sababu. Ikiwa ubavu umepinda au umepasuka, ribiti mpya itadumu siku chache tu. Achunguze pia ribiti zilizo jirani, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikibeba mzigo.

Tatu, aiondoe ribiti kwa keekee. Atie kidoto katikati ya kichwa, atoboe kwa kina cha kichwa tu, akivunje kichwa hicho taratibu, kisha ausukume mwili wa ribiti utoke, huku mwenzake akishika gogo dogo upande wa pili ili bati lisipinde. Kukata kichwa kwa tindo huharibu tundu.

Nne, alitazame tundu kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa ni duara na halina ufa, ribiti ya ukubwa ule ule yafaa. Ikiwa limepanuka, atumie ukubwa unaofuata: kwa mfano, badala ya ribiti ya sehemu moja ya nane ya inchi, atumie ya sehemu tano za thelathini na mbili. Lakini kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati isipungue mara mbili ya unene wa ribiti, na kati ya ribiti na ribiti isipungue mara tatu. Nafasi hiyo isipopatikana, au ufa ukionekana, kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, ambaye ndiye atakayeamua kama bati litiwe kiraka au litolewe lote.

Tano, ayatenganishe mabati kidogo, aondoe makali na takataka zote, apake rangi ya kuzuia kuliwa, kisha ayabane pamoja kwa pini za muda.

Sita, apige ribiti mpya. Mkia unaotokeza uwe mara moja na nusu ya unene wa ribiti. Mtu mmoja hupiga kichwa, na wa pili hushikilia kipande kizito cha chuma laini nyuma ya mkia. Kichwa kipya kiwe na upana mara moja na nusu ya unene wa ribiti ile, na kimo nusu yake.

RIBITI SI ZOTE SAWA

Hapa vijana wengi waweza kupotea. Ribiti ziuzwazo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ambazo huvutwa kwa koleo, zafaa kwa mifereji ya maji na masanduku. Nyingi ni za alumini laini. Ziko ndege ambazo zimechorwa zitumie ribiti za kuvuta, lakini hizo ni za namna maalumu, na nguvu zake zinajulikana. Hata ribiti za ndege zinatofautiana: ile ya alumini tupu ina kichwa kisicho na alama, na ile ya madini magumu itumikayo sana katika mabati ya ndege ina kidoto kidogo kilichozama katikati ya kichwa. Kwa mbali zafanana. Katika kubeba mzigo hazifanani hata kidogo. Yapasa kufuata mchoro wa ndege yenyewe.

MAFUNZO YA AJALI MBILI

Tarehe 28 Aprili, 1988, huko Hawaii, sehemu ya bati la juu la ndege ya abiria ya Aloha Airlines ilibanduka angani, na mhudumu mmoja akatupwa nje akafa. Nyufa ndogo zilizoanzia katika matundu ya ribiti zilikuwa zimekutana.

Tarehe 12 Agosti, 1985, ndege ya Japan Airlines iligonga mlima, wakafa watu 520, wakaokoka wanne tu. Wachunguzi waliona kwamba mwaka 1978, yaani miaka saba kabla ya ajali, ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ulitengenezwa vibaya. Mahali palipostahili kubebwa na mistari miwili ya ribiti palibebwa na mmoja tu.

Ni kweli kwamba ndege ndogo haijazwi hewa kama ndege hizo kubwa. Lakini funzo ni moja: bati lililotengenezwa vibaya huruka vizuri siku nyingi, na wema wa siku hizo humdanganya mwenyewe.

KABLA YA KURUKA

Katika Kenya, ndege hairuhusiwi kuruka mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya itoe idhini, hata kama mwenye ndege ameijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mafundi wenye leseni hupatikana katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Ni vyema fundi aitwe kabla bati halijafungwa, kwa kuwa likisha kufungwa haoni ndani. Kila ribiti iliyobadilishwa iandikwe katika daftari: tarehe, mahali ilipo, ukubwa wake, na jina la aliyeipiga. Baada ya saa chache za kuruka, mahali pale patazamwe tena. Alama nyeusi ikirudi, sababu yenyewe bado haijapatikana.

Wala rubani si peke yake aliye hatarini. Ruiru na Thika ni nchi ya nyumba nyingi, shule na masoko, na kitu kiangukacho kutoka juu hakichagui paa. Wazee wetu walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mwenye nyumba aweza kuujenga ukuta upya. Mwenye ndege hana budi kuuziba ufa wake akiwa bado chini.