Msumeno wa Mnyororo Unapokataa Kuvuma



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho katika vijiji vingi vya milimani kimechukua mahali pa msumeno wa watu wawili. Chombo hicho ni msumeno wa mnyororo uendao kwa petroli, ambao vijana wengi huuita chenso. Hatutaeleza namna ya kuangusha mti. Hilo ni somo la siku nyingine. Twataka kueleza ugonjwa mmoja tu wa chombo hicho, nao ni ugonjwa wa kawaida sana. Injini yawaka, lakini haitulii. Ikiachwa ingurume taratibu, mwendo ule ambao mafundi huuita silensa, hukohoa na kuzimika. Na mtu akivuta kifyatuo cha mafuta, badala ya kuvuma hugugumia, au hufa kabisa.

Shauri letu ni moja, nasi twalitaja mapema ili asiyeweza kutusikiliza hata mwisho aondoke nalo: usianze na bisibisi. Skrubu za kabureta na ziwe jambo la mwisho, si la kwanza. Hili tulijifunza kwa hasara, na mtatuwia radhi tukianza na habari ya hasara hiyo.

Karibu na chuo tunakofundisha, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wazazi wa kijiji walichanga fedha wakanunua msumeno wa kupasulia mbao za madarasa. Kwa miezi kadhaa ulifanya kazi njema. Kisha ukaanza kutoa moshi mzito, ukawa hautaki kushika kasi. Mmoja wetu, aliyejiona fundi kwa kuwa alikuwa na bisibisi, alikaza skrubu ya mafuta karibu nusu mzunguko. Papo hapo injini ikaimba, nasi tukashangilia. Asubuhi ya pili kijana mwenye bidii alifungua kifuniko cha juu, akakuta chujio la hewa limejaa unga wa mbao, akalisafisha vizuri. Alifanya jambo jema; walakini hakuna aliyemwambia habari ya ile skrubu. Kabla ya adhuhuri injini ilikwama katikati ya gogo. Fundi alipoifungua alikuta pistoni imechunika kama gome la mti, na silinda imekwaruzwa. Gharama ya kuitengeneza ilikaribia bei ya msumeno mzima, na watoto wakasoma chini ya mwembe mpaka kiangazi kingine.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Injini hii ni ya mapigo mawili, nayo haina mahali pa kuwekea oili yake peke yake. Oili huchanganywa ndani ya petroli, na kwa njia hiyo ndiyo pistoni hupata ulaini wake. Basi ukipunguza petroli, umepunguza na oili. Chujio lilipoziba, hewa ilikuwa haba, na mafuta yakazidi hewa. Ndiyo maana ya ule moshi. Kukaza skrubu kulipunguza mafuta yakalingana na hewa ile haba. Chujio liliposafishwa, hewa ilirudi yote, lakini mafuta yakabaki pungufu. Mchanganyiko mwembamba huipasha injini joto kali, na oili haikutosha kuikinga pistoni. Ugonjwa ulikuwa puani, nasi tulipaka dawa tumboni.

Yafaa tujue kidogo jinsi kabureta inavyofanya kazi. Miongoni mwa misumeno ya kwanza ya petroli mna ile ya Ujerumani: mwaka 1927 Emil Lerp alionyesha msumeno wake katika mlima Dolmar, na mwaka 1929 Andreas Stihl akatoa wa kwake. Ilikuwa mizito, na ilihitaji watu wawili. Kabureta za zamani zilipima mafuta kwa boya lielealo, kwa hiyo hazikupenda kulazwa upande. Misumeno ya siku hizi hupima mafuta kwa kiwambo, yaani utando mwembamba uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Injini ikivuta, kiwambo huinama na kuifungulia sindano ndogo, mafuta yakapita. Ndiyo sababu mtu aweza kuulaza msumeno upande, au hata kuupindua, nao ukaendelea kukata. Lakini kiwambo kikikauka na kuwa kigumu, sindano haifunguki kwa wakati wake, na injini hupata njaa hali tangi limejaa.

Katika kabureta mna njia mbili za mafuta. Moja ni ndogo, ya mwendo wa taratibu. Nyingine ni kubwa, ya mwendo wa kasi. Unapovuta kifyatuo, injini huiacha njia ndogo na kuingia njia kubwa. Hapo katikati ndipo ugonjwa wetu huonekana, kama mtu avukaye mto kwa mawe akakosa jiwe moja.

Sasa kabla ya kugusa kitu, sikiliza. Injini iliyozidiwa na mafuta hugugumia, hutoa moshi mwingi, na kasi yake hupanda kwa uvivu. Injini yenye njaa ya mafuta hufa ghafula kifyatuo kinapovutwa, au hushika kasi kidogo kisha ikaishiwa na nguvu ndani ya mti. Injini inayovuta hewa mahali palipopasuka haina msimamo: mara hupanda yenyewe, mara hushuka, na ukiachia kifyatuo hukawia kurudi chini. Sauti hizi tatu ni kama homa, kikohozi na maumivu ya tumbo. Tabibu hawezi kuzitibu kwa dawa moja.

Ukisha kusikiliza, zima injini, iache ipoe, vua waya wa plagi, na uufanyie kazi msumeno mbali na moto wo wote. Kisha fuata utaratibu huu, wala usiruke hata hatua moja.

Kwanza, angalia yaliyo mepesi. Je, breki ya mnyororo imeachiliwa? Choki imerudishwa mahali pake? Mnyororo haukukazwa mno, nao wapata oili? Tumewahi kuona watu wazima wakifungua kabureta mchana kutwa, kumbe choki ilikuwa nusu imefungwa.

Pili, hewa. Fungua kifuniko na kulitoa chujio. La wavu wa nailoni huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likakauka kabisa kabla ya kurudishwa. La karatasi hukung'utwa taratibu. Lililotoboka litupwe, kwa maana vumbi lipitalo hapo huisaga silinda kama jiwe la kusagia.

Tatu, mafuta yenyewe. Petroli iliyokwisha kuchanganywa haipendi kukaa. Ikipita mwezi mmoja au zaidi, imwage mahali pasipodhuru watu wala maji, uchanganye nyingine. Misumeno mingi ya leo hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili ya injini za mapigo mawili, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Lakini soma kitabu cha msumeno wako, maana oili nyingine hutaka kipimo kingine. Usipime kwa kukisia, wala usitumie oili ya gari. Na jihadhari na petroli ya chupani iliyouzwa njiani, kwa kuwa huenda ina maji au mafuta ya taa.

Nne, njia ya mafuta. Ndani ya tangi mna chujio dogo kwenye ncha ya mpira. Livute nje kwa waya uliopindwa kama ndoana. Likiwa jeusi au zito kwa uchafu, weka jipya. Uutazame na ule mpira wote, maana ukipasuka hata kidogo huvuta hewa badala ya mafuta. Tena tangi lina tundu la kupumulia. Likiziba, mafuta hayawezi kutoka, kama vile maji yasivyotoka katika kibuyu kisichopata hewa. Kulijua ni rahisi: injini ikizimika, legeza kifuniko cha tangi taratibu usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa ndani, kisha injini ikaenda vizuri kwa dakika chache ikafa tena, basi tundu hilo ndilo lenye kosa.

Tano, plagi. Ing'oe uitazame rangi. Ya hudhurungi ni ya afya. Nyeusi iliyolowa yasema mafuta yamezidi, au cheche ni dhaifu. Nyeupe kama majivu ni onyo kubwa: injini ina njaa na imepata joto, usiiwashe tena kabla ya kuijua sababu. Nafasi ya cheche kwa misumeno mingi ni milimita 0.5. Plagi iliyochakaa haina bei ya kumfanya mtu aionee uchungu, ibadili.

Sita, njia ya moshi. Katika ekzosi ya misumeno mingi mna wavu mdogo wa kuzuia cheche zisichome msitu. Wavu huo ukizibwa na masizi, injini haiwezi kutoa pumzi, na asiyeweza kutoa pumzi hawezi kuvuta nyingine. Usugue kwa brashi ya waya, uurudishe. Usiutupe, kwa kuwa wakati wa kiangazi wavu huo walinda shamba la jirani.

Ukimaliza hayo sita, misumeno mingi itakuwa imepona, nawe hujagusa skrubu hata moja. Ikiwa bado una njaa ya mafuta, yaelekea kiwambo kimekuwa kigumu. Vifaa vyake huuzwa pamoja katika pakiti, navyo vyabadilika kwa kazi ya saa moja. Na ikiwa mwendo wake hauna msimamo, au hubadilika unapouinamisha msumeno huku na huku, shuku mpira uunganishao kabureta na silinda, au sili za injini. Hapo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia upepo. Kukaza au kulegeza skrubu ili kuficha ufa ni kuifukia mbegu ya hasara, nao wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa twaifikia bisibisi. Skrubu ni tatu. Yenye herufi L ni ya mafuta ya mwendo wa taratibu. Yenye H ni ya mwendo wa kasi. Ya tatu, iandikwayo T au LA, huinua au kushusha mwendo wa silensa. Baadhi ya misumeno mipya haina skrubu za mafuta, maana hujirekebisha yenyewe kwa umeme. Zile mbili za kwanza, ukizungusha kulia, wapunguza mafuta, kushoto, waongeza. Pasha injini moto kwa dakika mbili au tatu. Zungusha L polepole mpaka upate mahali ambapo injini hunguruma kwa wepesi zaidi, kisha irudishe kushoto kidogo, kama sehemu ya nane ya mzunguko. Ndipo ushushe ile ya tatu hata mnyororo usimame kabisa. Injini nyingi hapo huzunguka karibu mara 2,700 au 2,800 kwa dakika, na zikivuma zaweza kupita mara 12,000. Kwa hiyo skrubu ya H haifai kurekebishwa kwa masikio ya mtu asiyezoea. Iache kama kitabu kisemavyo, au mwachie fundi. Na ukikosea, kosea kwa upande wa mafuta mengi. Moshi huondoka, pistoni iliyochunika hairudi.

Liko jambo moja ambalo kwa haki hutaka skrubu, nalo ni urefu wa nchi kutoka baharini. Penye mita 2,000 hewa ni nyembamba kuliko pwani kwa karibu sehemu moja katika tano. Msumeno uliopimwa Dar es Salaam ukipandishwa Njombe, palipo juu zaidi ya mita 1,800, huzidiwa na mafuta, ukagugumia ingawa hauna kasoro. Yafaa upunguziwe. Lakini uliopimwa Njombe ukishushwa bonde la Kilombero, hukuta hewa nzito hali mafuta yake ni machache, nao huweza kuungua siku ya kwanza. Mwenye kushuka mlima na akumbuke skrubu kabla ya kukumbuka gogo.

Neno la mwisho ni la uhai wa watu. Msumeno ambao mnyororo wake hautulii kwenye silensa usiingie msituni, hata kama kazi ni ya haraka, maana mguu wa mtu hauna vipuri. Wala msumeno uzimikao ovyo usitumiwe kuangushia mti, kwa sababu utamwacha mtu chini ya mti uliokatwa nusu, usiosimama wala usioanguka.

Sisi tuliolipa gharama ya bisibisi iliyotangulia tumebandika karatasi ukutani, pale msumeno unapotundikwa, nayo yasema: hewa, mafuta, cheche, moshi, kisha skrubu. Chini yake kila azungushaye skrubu huandika siku na kipimo alichozungusha, ili kijana atakayesafisha chujio kesho ajue. Andikeni nanyi yenu. Kwaherini.